Uwanda Mweupe wa Ng'ambo

Kuona ng'ambo si kuona njia. Jana kwenye kikao cha harusi mlimsikia mjomba wenu akiyasema maneno hayo, wazee wakaitikia kwa vichwa, ninyi mkatazamana. Leo mmekuja kuniuliza yalitoka wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Yalizaliwa hapa hapa bonde la Rukwa, na mtu wa kwanza kuyatamka ni mimi. Kaeni niwaambie yalivyonitoka kinywani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi baiskeli pale sokoni. Dada yangu Leokadia, ambaye tuliachiana ziwa la mama, alikuwa mwalimu. Yeye ndiye aliyepata wazo la kulizunguka ziwa lote kwa baiskeli wakati wa likizo. Si kwa biashara wala kwa msiba. Kutembea tu, kuona milima na kutazama makundi ya ndege mwari majini. Watu walicheka. Hata hivyo saba walijiunga, tukawa tisa.

Jumamosi tatu tulikaa darasani kupanga safari. Leokadia alichora ziwa ubaoni, na kila aliyetoka ng'ambo alimuuliza: kisima kiko wapi, mto upi hauna daraja, kijiji gani hupokea wageni. Kwa mpango wake ilikuwa safari ya siku tisa. Mimi niliona anatuchosha bure. Asubuhi moja nikapanda mlimani, nikatazama. Upande wa pili, kati ya matete na milima, palikuwa na uwanda mweupe uliong'aa, laini kama sakafu ya saruji. Nikarudi, nikachukua chaki, nikapiga mstari mmoja ulionyooka.

"Tukipita hapa tunaokoa siku mbili," nikasema.

Bibi Nalwimba, mama mzee wa ng'ambo aliyekuwa akituletea samaki wakavu, aliutazama mstari ule.

"Hapo hatupiti," akasema.

"Kwa nini, bibi?"

"Hapo hatupiti, mjukuu wangu." Akajitwisha kapu lake, akaondoka.

Mimi nikacheka. Leokadia hakucheka. Tangu siku ile hakula vizuri. Mwisho akaniambia, "Alois, hawa watu saba wana watoto nyumbani. Twende kwanza mimi na wewe, tukapaone."

Tukaenda. Siku ya tano, jua likiwa juu, tukafika penye uwanda ule. Palikuwa kimya. Ndege wote tuliowazoea njiani hawakuwapo. Chini palikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, na juu ya ukoko zilichomoza pembe za ng'ombe, jozi moja hapa, jozi nyingine kule, kana kwamba mtu amezipanda.

"Alois, rudi," dada akasema.

Nilikuwa naogopa, nawaambia kweli. Lakini ng'ambo ya uwanda kijiji kilikuwa kinaonekana, hata moshi wa majiko yake niliuona. Nikaona aibu kurudi. Nikakanyaga pedali.

Nilikwenda kama hatua arobaini. Ukoko ukapasuka. Gurudumu la mbele likazama, nikarushwa, na nilipotaka kusimama nikajikuta ndani ya tope hadi mapajani. Lilikuwa tope la moto juu na la baridi chini.

"Usipige mateke!" dada alipiga kelele. "Umekanyaga wapi?"

"Sijakanyaga popote, dada," nikasema. "Hakuna chini."

Hapo ndipo nilipoanza kulia. Tope lilifika kiunoni. Leokadia akalaza baiskeli yake juu ya ukoko, akalala juu yake kifudifudi, akawa anaisogeza kidogo kidogo kunijia. Alikuwa amefunga pamoja tyubu zetu tatu za akiba. Akanirushia.

"Jifunge kwapani. Harakisha!"

Nilipokuwa nafunga, matete ya kando yetu yakaanza kutikisika. Nikasikia mkoromo mzito.

"Usitazame kule," dada akasema, na sauti yake haikuwa yake.

Nikatazama. Kiboko alitoka, mkubwa, maji yakimchuruzika, akasimama kwenye ukingo wa uwanda. Kutoka pale hadi kwetu alihitaji pumzi chache tu. Tukatulia kama wafu. Tope likaendelea kupanda, likafika kifuani. Kiboko akainamisha kichwa, akanusa ule ukoko. Kisha akageuka, akarudi majini. Hata yeye hakukubali kupakanyaga.

Leokadia alivuta. Tyubu zilivutika zikawa nyembamba kama kamba za viatu. Sijui ilichukua muda gani. Nilitoka bila viatu, na baiskeli yangu tuliiacha ikizama, usukani ukiwa wa mwisho. Siku zote za kurudi nilikaa kwenye keria ya baiskeli ya dada. Nilipofika darasani niliufuta mstari wangu kwa kiganja, na wale saba nikawaambia tu kwamba tutafuata njia ya dada.

Mwezi uliofuata, tisa wote tukaondoka, mimi kwa baiskeli ya kuazima, tukafuata njia ndefu ya milimani. Siku ya tano tulipofika mahali pa juu, uwanda ukaonekana tena huko chini. Wallahi, ulikuwa mzuri.

Gaspari, mmoja wa wale saba, alisimamisha baiskeli. "Hebu tazameni! Kijiji kile pale, na pametandazwa kama mkeka. Mbona tunahangaishwa na mawe?"

Nilitaka kumweleza habari za pembe, na za yule kiboko, na jinsi mtu anavyotafuta chini kwa mguu asipapate. Meno yaligongana.

"Kuona ng'ambo si kuona njia," nikasema. Zaidi ya hapo sikuweza.

Gaspari alinitazama usoni. Akashuka, akaielekeza baiskeli yake mlimani, akaanza kuisukuma. Baadaye, mmoja wa wenzetu wa nyuma alipoanza kunung'unika kwamba kule chini ni karibu zaidi, nilimsikia Gaspari akimjibu taratibu, bila kugeuka:

"Ndugu yangu, kuona ng'ambo si kuona njia."