Ukuta wa Kajiru

“Wa kale ni sisi wa jana.”

Mmemsikia jirani yetu akimwambia mwanawe maneno hayo asubuhi, nanyi mmekuja mbio kuniuliza yametoka wapi. Wengi huku milimani hudhani ni methali ya tangu enzi na enzi. Siyo. Mimi nilikuwapo ilipozaliwa. Endeleeni kupukuchua hayo mahindi, nami nitawasimulia ilivyoanza.

Wakati huo nilikuwa bado mke mgeni hapa Kwemaro. Babu yenu Kiangi alikuwa amenioa mwaka uliotangulia, na mimba ya mama yenu ilikuwa imeanza kuonekana. Kijiji kilikuwa kizuri, wajukuu zangu. Migomba ilishuka bondeni bila kukatika, na ukiamka asubuhi ulisikia maji kabla ya kumsikia jogoo. Maji hayo yalitoka kwenye ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo lililokuwa juu ya mashamba. Mfereji ulilijaza usiku kucha, kukipambazuka linafunguliwa, watu wanamwagilia kwa zamu. Aliyelijenga ni Kajiru, babu yake baba mkwe wangu, Mzee Mrutu. Ndiyo maana likaitwa ndiva ya Kajiru.

Kajiru alikuwa amekufa siku nyingi, lakini katika nyumba ile ilikuwa kana kwamba anakula nasi kila mlo. Ukiacha jembe nje, Kajiru hakuacha jembe nje. Ukichelewa kuamka, Kajiru alikuwa akimwamsha jogoo. Siku za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, baragumu likishalia watu walipanda kwenye ndiva wakiimba, “Kajiru kasema, jiwe likatii.” Nilikuwa naupenda wimbo ule. Mpaka leo nikiwa peke yangu huwa nauimba. Lakini babu yenu Kiangi hakuwa akiuimba. Alikuwa akichezesha midomo tu.

Mzee Mrutu ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndiva. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamwelewa vibaya. Alikuwa mtu aliyebebeshwa jina kubwa tangu utotoni, naye akaona vyema amshushie mwanawe mzigo uleule.

Basi mwaka ule mvua za masika zilikuja kwa fujo. Asubuhi moja tukaamka hatusikii maji. Ndiva ilikuwa imepasuka, ukuta umebomoka upande wa chini, tope limefunika mashamba ya watu. Mvua nazo zikakatika ghafla. Maharage yakaanza kujikunja majani. Mtu yeyote aliyeishi huku anajua maana yake: ndiva isipojengwa upesi, ni njaa.

Baragumu likapigwa. Siku ya kwanza watu wakaja wengi, siku zilizofuata wakapungua. Watu wa mtaa wa juu walisema, “Ukuta umebomokea upande wa watu wa chini, wao ndio waanze.” Watu wa chini wakajibu, “Maji huanza kwenu, sisi tunapata makombo. Anayekunywa kwanza ndiye achimbe kwanza.” Kila upande ukasimama ukingoni kwake, mikono nyuma, ukiutazama mwingine.

Mzee Mrutu aliwasema wote. “Tazameni mlivyo! Kajiru hakuita watu mara mbili. Wazee wetu walikuwa kitu kimoja. Kizazi hiki kimeoza.”

Vijana walipoambiwa wameoza, wakaenda zao kuozea nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu ukimwambia kila siku kwamba hawezi kumfikia mwenzake, mwisho huacha kutembea.

Kiangi yeye aliendelea kwenda, kwa kuwa ni mwana wa msimamizi. Siku moja akaweka jiwe, likateleza. Baba yake akasema mbele ya watu wote, “Kajiru angekuona, angesema huyu si wa ukoo wangu.”

Babu yenu alipangusa mikono kwenye suruali, akashuka nyumbani, akaanza kufunga nguo zake kwenye shuka. Nikamuuliza, “Unakwenda wapi, baba?”

“Kwenye mashamba ya mkonge. Huko hakuna anayemjua Kajiru.”

“Na mimi? Na huyu aliye tumboni?”

“Nitawaita nikipata chumba.” Kisha akakaa kitandani, akaniambia kwa sauti ndogo, “Naogopa kumzalia mzee mjukuu mwingine wa kupimwa.” Nililia siku ile, lakini sikumlaumu. Alisema angeondoka kesho yake, gari la mizigo likipita barabarani.

Kesho yake nikapanda kwenye ndiva pamoja na wanawake wengine kubeba tope. Niliona heri nichoke kuliko kukaa nikimtazama akifunga safari. Waliobaki kazini walikuwa wachache. Mwalimu Elieshi, aliyefundisha historia pale shuleni, alikuwa amewaleta wanafunzi wake wasaidie na pia waone kazi ya mababu. Tukachimba tope la katikati kutafuta msingi, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupaona pakavu. Msingi ukaanza kujitokeza.

Kwanza tulidhani macho yametudanganya. Ukuta wa Kajiru haukuwa mmoja. Ulikuwa mikono miwili, mmoja umetoka upande wa juu, mwingine umetoka upande wa chini, na ilipofika katikati haikukutana. Ilipishana! Ilipishana kama watu wawili wasiosalimiana njiani. Kati yake palikuwa na kipande kifupi kimewekwa mshazari, kuiunganisha.

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, “Kumbe jiwe halikutii.” Kicheko kikaenea.

Mzee Mrutu alibadilika uso. “Fukieni,” akasema. “Rudisheni tope hapo. Tutajenga juu yake.”

Mwalimu Elieshi akasogea. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye adabu nyingi, lakini siku ile hakurudi nyuma. “Samahani, mzee wangu. Kabla ya kufukia, tuulize kilitokea nini.”

“Kuuliza ili mumcheke?”

“Kuuliza ili tujue. Mimi nawafundisha watoto hawa habari za waliotutangulia. Nikiwaambia mababu hawakukosea hata siku moja, siku watakapokosea wao watadhani ndio wa kwanza duniani. Watakata tamaa, mzee. Je, hakuna aliye hai anayekumbuka?”

Wote tulijua yupo. Shangazi Nakaji, binti wa mwisho wa Kajiru, alikuwa akiishi na wajukuu zake nyuma ya kanisa. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Mzee Mrutu angeweza kukataa. Alikitazama kile kipande cha mshazari, kisha akasema, “Mleteni shangazi.” Nadhani na yeye alitaka kujua. Nadhani alitaka kujua kuliko sisi sote.

Wakamleta amekaa kwenye kiti, wanaume wanne wamekishika. Wakamshusha mpaka kwenye msingi. Akaupapasa ukuta, mkono wake ukapita kwenye mkono mmoja wa ukuta, ukafika kwenye ule mshazari, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

“Lo! Bado upo,” akasema. “Baba na mjomba Kibacha!”

“Shikamoo, shangazi,” Mzee Mrutu akasema. “Tueleze.”

“Marahaba, mwanangu. Nikueleze nini? Waligombania kidari cha mbuzi.”

“Kidari cha mbuzi?”

“Kwenye harusi. Kibacha alikuwa shemeji yake baba, na ndiye mkubwa wa watu wa chini. Nyama ikagawiwa, kidari akapewa Kibacha, baba akaona amedharauliwa. Wakaapa kutosemezana. Mara ukame ukaja. Wote wawili wakataka bwawa, lakini nani amwendee mwenzake? Baba akaanza kujenga na watu wake huku juu, Kibacha akaanza na watu wake kule chini. Wanawake wakawaambia, mtapishana ninyi. Baba akasema, ‘Yeye ndiye atapinda.’ Na kule Kibacha alikuwa akisema vivyo hivyo.”

“Na watu?” Mwalimu Elieshi akauliza. “Walifanya kazi kwa umoja?”

“Umoja gani, mwanangu? Wengine walijifanya wagonjwa. Kaka yangu, baba yake huyu Mrutu, alikuwa akijificha kwenye migomba. Mama alimtoa huko kwa fimbo.”

Watu wakacheka, lakini sasa kilikuwa kicheko kingine. Nilimtazama baba mkwe wangu. Hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayesomewa habari za nyumbani baada ya kukaa ugenini miaka mingi.

“Kuta zikafika hapa,” Shangazi Nakaji akaendelea, “zikapishana. Baba akaketi kwenye jiwe, akalia. Ndiyo, Kajiru alilia. Nilimwona kwa macho haya yalipokuwa macho. Alisema, ‘Nimewaua watoto wangu kwa njaa kwa ajili ya nyama.’ Kibacha akaja, akaketi karibu naye. Hawakusema neno. Wakakaa, wakakaa. Kisha Kibacha akamuuliza, ‘Shemeji, una ugoro?’ Baba akampa. Wakanusa wote, wakapiga chafya, wakaanza kucheka kama vichaa. Siku iliyofuata wakaunganisha kuta kwa kipande hiki, mtu wa juu akishika jiwe huku na mtu wa chini akilishika kule.”

“Na ule wimbo, shangazi?” Mzee Mrutu akauliza. “‘Kajiru kasema, jiwe likatii’?”

“Aliutunga mwenyewe! Tulikuwa tukimcheka.” Kisha akaacha kucheka, akamshika mkono. “Mwanangu, nilimpenda baba yangu. Lakini nasikia mnavyomtaja siku hizi, simtambui. Mmenifanyia baba yangu mtu wa mawe. Mnadhani wale wa kale walikuwa watu wengine? Walikuwa sisi hawahawa, ila ni sisi wa jana.”

Mama mmoja wa mtaa wa chini, ambaye tangu mwanzo alikuwa amesimama ng’ambo na kundi lake, akashuka ndani ya ndiva, akainua jiwe, akamwelekea mtu wa juu aliyekuwa karibu naye. “Shika,” akasema. Yule akashika. Basi. Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza.

Mzee Mrutu hakubaki kuitazama. Alishuka mtelemko upesi hata fimbo yake ikawa haigusi chini, nami nikamfuata kwa mbali. Huku kwetu mkwe haingii kwa mwanawe ovyo, kwa hiyo alisimama nje ya mlango akakohoa. Kiangi akatoka na furushi lake begani.

“Unaondoka,” baba yake akasema.

“Ndiyo, baba.”

“Kabla hujaondoka, njoo uone ukuta. Umepinda.”

“Ukuta gani?”

“Wa Kajiru. Alikosea. Alikosea vibaya, akakaa chini akalia, kisha akarekebisha. Kiangi mwanangu, nimekupima maisha yako yote kwa mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Na mimi mwenyewe nilipimwa kwa huyohuyo. Baba yangu alinichapa kwa jina lake, kumbe yeye alikuwa akijificha kwenye migomba.”

Babu yenu alisimama akimtazama. Sijui alikuwa akiwaza nini, na hata baadaye hakuniambia. Kwa mbali tukasikia gari la mizigo likipanda mlima, tukasikia likipita. Kiangi akatua furushi chini.

“Alijificha kwenye migomba?” akauliza.

“Bibi yangu alimtoa kwa fimbo.”

Wakaanza kucheka, baba na mwana, pale mlangoni. Mimi nilikuwa sijawahi kuwasikia wakicheka pamoja. Walipanda kwenye ndiva bega kwa bega, na njia nzima Kiangi aliuliza habari za Kajiru, na mzee alijibu, “Sijui, tukamuulize shangazi.”

Vijana waliposikia, walirudi. Walikuja na majembe na utani mwingi. Jiwe la mtu likiteleza, mwenzake alisema, “Usijali, wa kale ni sisi wa jana,” na kazi ikaendelea. Mtu akichelewa, alisema hivyohivyo kujitetea, na wazee wakamjibu kwa maneno yaleyale: kama wale waliweza wakiwa na uvivu wao na hasira zao, wewe unashindwaje? Maneno ya Shangazi Nakaji yakafupishwa mdomoni mwa watu namna hiyo, hata yakawa methali. Ndiva ikajaa kabla maharage hayajafa yote. Kile kipande cha mshazari hatukukigusa. Kiliachwa kama kilivyokuwa, na kila mwaka Mwalimu Elieshi aliwaleta wanafunzi wapya kukiona kabla ya maji kufunguliwa, mpaka alipohamishwa.

Siku hizi maji yanakuja kwa bomba, na pale kwenye ndiva nasikia kumeota magugu. Mwalimu sijui yuko wapi. Shangazi Nakaji alikufa mwaka uleule, amelala usingizini. Mzee Mrutu aliishi akambeba mama yenu mgongoni, na sikumsikia hata mara moja akimwambia mtoto yule habari ya mtu asiyekosea. Na babu yenu mlimzika wenyewe.

Nanyi mtakuwa na wajukuu. Mkiwasimulia habari zangu, msinipambe. Semeni bibi yetu alikuwa na hasira za karibu, alipenda ndizi za kuchoma kuliko kazi ya shamba, na siku moja alilia kwa kuogopa kuachwa na mumewe. Semeni pia kwamba alibeba tope. Wakisema haiwezekani, bibi wa zamani hawezi kuwa hivyo, waambieni kama mlivyoambiwa: wa kale ni sisi wa jana.