Mipira Mibovu ya Baba

Wapendwa, ngojeni kwanza nipumue. Kwaya mmetuchezesha leo mpaka koti langu limelowa. Mungu awabariki, lakini siku nyingine mtukumbuke na sisi wenye magoti ya zamani.

Leo ni Jumapili ya mavuno. Nikitazama hapa mbele naona mahindi, naona ndizi, naona kuku wawili ambao hawajapatana tangu ibada ianze, na boga moja ambalo sijui limebebwaje mpaka likafika. Nimefurahi sana. Mungu ametulisha. Lakini asubuhi pale mlangoni kuna neno nimelisikia, na limenikaa rohoni. Mama mmoja kanishika mkono, ananiambia, "Mchungaji, Bwana kanitendea makuu mwaka huu. Unisemee kwake." Kabla sijamuuliza ni makuu gani, keshaingia ndani. Akaja baba mmoja, "Mchungaji, na mimi usinisahau kwenye shukrani." Naye huyo, akapita. Nikabaki nimesimama pale na mizigo ya shukrani za watu, na sijui ndani mna nini.

Basi nimeyaweka pembeni mahubiri niliyoyaandaa. Nawapa mfano.

Kulikuwa na baba mmoja, fundi rangi. Jina simpi, maana nikimpa jina kuna mtu hapa atakwenda nyumbani amenuna. Kazi yake ilikuwa kupaka dari za watu, kutwa nzima mkono uko juu na shingo imepinda, na jioni akirudi nyumbani nywele zake zina madoadoa meupe kama kanga. Baba huyu alikuwa na binti, mtoto wake wa pekee, amemaliza kidato cha sita. Na binti huyu shuleni alikuwa amefundishwa mchezo unaitwa softiboli.

Mnaujua? Msiitikie kwa vichwa, hamuujui. Hata mimi nimeelezwa na vijana wetu wiki hii. Kuna mrushaji, anarusha mpira mgumu wa ukubwa wa chungwa. Kuna mpigaji, ameshika gongo, anaungoja aupige. Na nyuma ya mpigaji kuna mtu mmoja amechuchumaa, amevaa glovu, kazi yake ni kudaka kila mpira unaompita yule wa gongo. Mpigaji akiupeleka mbali, uwanja mzima unasimama kushangilia. Yule aliyechuchumaa anashangiliwa lini? Akiukosa ndipo watu wanauliza jina lake.

Binti wa fundi rangi alikuwa mdakaji.

Sasa, kuna vyuo vinatafuta wasichana wa kucheza mchezo huo, na chuo kikikuchagua kinakusomesha bure mpaka umalize. Kwa fundi rangi, huo ndio ulikuwa mlango pekee. Ukifunguka, binti anasoma. Ukifungwa, binti anabaki nyumbani kumshikia baba ngazi. Na fundi rangi alimpenda binti yake, wapendwa. Msije mkamcheka mkasahau hilo.

Shule ikatoa jina la binti kwa makocha, na makocha wakaanza kupiga simu. Simu ya nani? Ya baba. Kocha wa kwanza akasema, "Naomba kuzungumza na binti." Baba akajibu, "Zungumza na mimi. Mimi ndiye mzazi." Na alikuwa na haki ya kuogopa. Sote tunawajua wanaume wanaojiita makocha na hata filimbi hawana. Kocha akauliza, "Sawa, baba. Binti anatumia mkono gani?" Fundi rangi akafikiri kidogo, akasema, "Mikono yote miwili, kwa uwezo wa Mungu."

Mnacheka. Kocha hakucheka. Alishukuru, akakata simu, hakupiga tena.

Kocha wa pili alituma ujumbe. Baba akaujibu yeye mwenyewe, akamwambia binti yake ni mpigaji hatari, akipiga mpira haurudi. Kwa nini aseme hivyo? Kwa sababu aliwahi kwenda uwanjani mara moja tu, na siku hiyo, kwa bahati, binti alipiga mpira ukavuka ukuta wa shule, watu wakapiga kelele. Baba akabeba zile kelele moyoni mwake, akaona hiyo ndiyo sifa ya mtoto wake. Binti alipojaribu kusema, "Baba, lakini mimi...", akaambiwa, "Mwanangu, mambo haya yana wakubwa wake. Tulia." Akatulia. Kocha wa pili naye akaenda zake.

Akabaki kocha mmoja, mama mtu mzima wa chuo cha mbali. Huyu akasema, "Simu zimenichosha. Nitakuja mwenyewe nyumbani."

Ehe! Baba kusikia wageni wanakuja nyumbani kwa ajili ya binti, akafanya nini? Akafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Akaita wazee! Akaja kaka yake mkubwa, akaja mjomba wa binti, akaja dada yake, yaani shangazi wa binti. Kisha akamtafuta mshenga. Ndiyo, mshenga! Mzee Mwambungu uliyeketi hapo, wewe nusu ya ndoa zilizofungwa kanisa hili umezisimamia. Ukisikia nimekosea, ninyooshee mkono.

Viti vikapangwa, soda zikanunuliwa. Binti akapelekwa jikoni kukaanga vitumbua na shangazi yake, kama ilivyo desturi. Kocha akafika na msaidizi wake, wakakaribishwa, wakaketi. Mshenga akakohoa.

"Wageni wetu, hodi yenu tumeisikia. Mtu hapigi hodi bila neno. Tupeni neno lenu."

"Asante, mzee wangu," akasema kocha. "Mimi ni mwalimu wa softiboli. Nimekuja kuzungumza na binti."

"Binti yupo. Lakini binti ana wazee wake, na ndio sisi. Mzungumze nasi."

Basi wakamsifia. Baba mkubwa akasifu nidhamu yake. Mjomba akasifu ukoo, kwamba hata bibi yake alikuwa na nguvu, aliwahi kumfukuza mwizi kwa mchi. Baba akafunga kazi: "Mwalimu, huyu akipiga mpira, mnakwenda kununua mwingine." Kocha akanywa soda yake taratibu. Alikuwa na adabu mama yule. Alipomaliza akaweka chupa chini, akasimama.

"Wazee wangu, nawashukuru kwa mapokezi. Wapigaji ninao, wamejaa. Mimi natafuta mtu wa kudaka. Hapa nimekosa, na safari yangu ni ndefu. Naomba ruhusa."

Fikirini baba yule. Mlango uliokuwa unafunguka anauona unafungwa, na hajui nani ameusukuma.

Kelele ikatokea jikoni. Shangazi huyo, mwiko mkononi, mafuta yanadondoka.

"Kaka! Tangu lini wageni wakaondoka kabla ya mwali kuitwa? Hata posa haiendi hivyo! Mmeita mshenga, mmepanga viti, mkaruka la muhimu?"

Mzee Mwambungu, nasema uongo? Tazameni, anatikisa kichwa. Kwenye posa wazee wataongea mpaka jua lizame, lakini mwisho lazima binti aitwe mbele ya wote aulizwe kwa kinywa chake: wageni hawa unawajua? Tuwapokee? Asipojibu, hakuna kilichofanyika. Wazee wale walikuwa wamebeba desturi nzima, wakadondosha njiani kiini chake.

Binti akaitwa. Akatoka na unga mikononi, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Simama. Nimesikia habari zako nyingi leo. Sasa niambie wewe."

Binti akamtazama baba yake. Baba akatazama chini.

"Mwalimu, kupiga najaribu tu," akasema binti. "Mimi ni mdakaji."

Kocha akarudi kwenye kiti. Akaketi. "Nani amekufundisha kudaka?"

"Shuleni nilifundishwa kuvaa glovu. Kudaka nimefundishwa na baba."

"Mimi?" Baba akashtuka kabisa. "Mimi mchezo wenyewe siujui!"

"Ndiyo, baba, ni wewe. Mwalimu, baba yangu akitoka kazini mkono wake unakuwa umekufa kwa kupaka dari. Lakini nikimwomba anirushie mpira, hajawahi kukataa, hata siku moja. Tunakwenda uani, ananirushia. Na hajui kurusha. Mmoja unakuja miguuni, mwingine kichwani, mwingine unakwenda bandani kwa kuku. Wenzangu walikuwa wanarushiwa mipira iliyonyooka. Mimi nilizoea kuifuata ilikopinda. Sasa hivi mrushaji akikosea, wenzangu wanaukosa, mimi naupata." Hapo sauti ikamkatika kidogo. "Kila nikidaka uwanjani huwa nasema moyoni, asante baba kwa mipira yako mibovu."

Vitumbua vikaungua, hakuna aliyejali. Kocha akasema, "Binti, mtu wa mipira iliyopinda ndiye niliyemtafuta mwaka mzima. Jiandae kwa safari." Shangazi akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza anaolewa nani.

Lakini baba hakusikia vigelegele. Alikuwa bado amemkazia macho binti yake, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa najilaumu kwamba nakurushia vibaya. Kumbe unanishukuru? Mbona hukuniambia?"

Binti akasema, "Baba, kila nilipofungua mdomo, ulikuwa umeshanisemea."

Nawauliza ninyi mnaonisikiliza. Baba yule alifurahia nini zaidi siku ile? Chuo? Chuo ni kikubwa, na alikishukuria mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini kilichomliza ni asante aliyoisikia kwa sauti ya mtoto wake mwenyewe. Mshenga angeongea mpaka kesho yake, hilo neno asingelipata, kwa sababu hakuwahi kusimama uani jioni. Ile mipira hakuijua.

Na sisi je, wapendwa? Sisi tumemfanya mchungaji kuwa mshenga. Tunakaa jikoni na vitumbua vyetu, tunasema, "Mchungaji, unisemee." Nami naja hapa na suti yangu, namwambia Mungu kwamba unapiga sana mpira! "Bwana, tunakushukuru kwa mvua, kwa afya, kwa ulinzi." Ni maneno mazuri, na ni ya kweli. Lakini ningesema yale yale ukiwepo na usipokuwepo. Mimi nitajua wapi mwaka huu wako ulikopinda? Nitajua wapi ile kazi uliyoikosa, ukalia, kisha ikakupeleka kwenye hii inayokulisha leo? Ule ugonjwa uliokulaza, mpaka ndugu yako mliyenuniana akaja kukupikia uji, mimi nitausemaje? Aliyekuona pale uani ni Mungu, na wewe. Wengine hatukuwepo.

Sisemi mipira yote iliyopinda tuliielewa. Mingine ilituumiza, na alama bado zipo. Wala sisemi wazazi muwaachie watoto wazungumze na wageni peke yao. Kaeni nao, vuteni kiti karibu, lakini mtoto akiulizwa, mwacheni ajibu. Ninachosema leo ni hiki: kuna asante nyumba hii imejaa, na Baba hajaisikia.

Mtaniambia, "Mchungaji, si tunaye Mwombezi mbinguni?" Tunaye, jina lake lisifiwe! Bila yeye hata mlangoni tusingefika. Lakini wanafunzi walipomwomba awafundishe kusali, aliwaambia nini? Aliwaambia, "Kaeni kimya, nitawasemea"? Hapana. Alisema mkisali semeni, Baba yetu. Akatutoa jikoni na unga mikononi, akatusimamisha mbele ya Baba, akasema, sema wewe.

Kwa hiyo leo, sala ya shukrani ya mavuno siiombi mimi. Usitafute maneno makubwa. Binti yule hakuwa nayo, alikuwa na kuku, na ua, na mkono wa baba uliochoka. Na wewe yako unayajua. Yataje hapo ulipo, kwa sauti yako, hata ikikatika. Kuku hawa wawili wakipiga kelele, waacheni, nao wanasema yao.

Mimi nakwenda kukaa. Mshenga amemaliza. Mwali aitwe.