Ulimi wa Sichoki

Mnaniuliza kwa nini jana sikwenda uwanjani kutazama vijibwa vikishindanishwa mbio. Haya, sogeeni. Na wewe unayecheka pale nyuma usogee pia, maana habari hii inakuhusu.

Zamani sana mbwa hakuwahi kutoa ulimi nje. Alikimbia mdomo umefungwa, na maji aliyanywa kwa kufyonza kama ng'ombe. Ulimi wake hakuna aliyeujua. Kwa hiyo watu walisema mbwa hana la kusema, wakawa wanamsemea wao.

Huko milimani palikuwa na mtu aitwaye Mbonea, aliyefuga kijibwa cha miguu mifupi cha kufukuza ngedere shambani. Alikipa jina la Sichoki. Baada ya mavuno ya mtama watu walikuwa na mchezo wao: mtu huburuta kipande cha nyama kwa kamba, na vijibwa hukifukuza kutoka mtoni hadi juu uwanjani. Mara ya kwanza tu, Sichoki akashinda. Mbonea akabebwa juu juu, akanywa pombe ya bure, kichwa kikamvimba. Mbwa aliyekimbia alipewa mfupa.

Mwaka uliofuata alikimbizwa mara tano kwa siku moja, jua la mchana likiwaka. Nakiete, mke wa Mbonea, alimwona mbwa akiyumba, akamwambia mumewe:

"Baba Senzighe, huyu amechoka. Mwache."

"Kwani umemsikia akisema? Mwenyewe anaitwa Sichoki!"

"Jina hilo ulimpa wewe. Yeye hakuulizwa."

Watu wakaangua kicheko, wakadai mara ya sita.

Katikati ya mwinuko Sichoki alianguka. Mbonea akaita, "Sichoki! Sichoki!" Na mbwa, kwa kuwa aliyeita ni bwana wake, akainuka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba aliinuka. Alijikokota hadi miguuni pa Mbonea, akaanguka tena, mdomo ukafunguka na ulimi ukatoka, mwekundu, mrefu, umejaa vumbi, unatetemeka. Uwanja mzima ukasogea kumtazama. Miaka yote hiyo walikuwa wakimsemea, kumbe ulimi anao.

Nakiete alileta maji kwenye kibuyu. Sichoki akayaramba taratibu, na baada ya siku kadhaa akapata nguvu. Lakini jina lile hakuliitika tena. Mbonea aliita asubuhi, akaita jioni, wapi! Mwishowe alichuchumaa mbele yake akasema, "Nimekukosea. Asiyechoka nilikuwa mimi, niliyekaa kivulini." Ndipo mbwa akamsogelea, na Mbonea hakumpeleka mbioni tena.

Na tangu siku hiyo, mbwa akichoka hutoa ulimi wake nje, mbele ya macho ya kila mtu, asisemewe na yeyote. Jana mliuona ninyi wenyewe, mkapiga makofi na kuambiana, "Tazameni, anacheka!" Hakuwa anacheka. Alikuwa anawajibu.