Kadi ya Mama Lusajo na Karatasi za Mzee Sanga

Usiitume hii kabla hujaisoma mwenyewe. Ukimaliza, mkumbuke mtu mmoja aliyewahi kukuamini wakati huna kitu mfukoni, umtumie yeye kwanza. Makundi ya familia yatasubiri. Hayajawahi kulala njaa kwa kukosa ujumbe.

Pale Tukuyu kuna fundi wa nguo anaitwa Tusekile, ila wengi tunamwita Mama Lusajo. Kibanda chake kina cherehani moja, pasi ya mkaa, na nyuma ya mlango msumari mrefu unaobeba karatasi zake za kukatia. Ni zile ambazo fundi huzilaza juu ya kitambaa, akazizungushia chaki, ndipo akate. Za Mama Lusajo zilikuwa nene na ngumu, zimejaa chaki na alama za kalamu hata rangi yake ya kwanza haijulikani. Wateja tulikuwa tunazisukuma pembeni tukipita, basi.

Mwaka huo benki moja ilikuja sokoni kugawa kadi za mkopo kwa wafanyabiashara wadogo. Ukiwa na kadi, unanunua leo, benki inalipa, nawe unairudishia benki mwezi hadi mwezi pamoja na riba. Mama Lusajo aliipokea yake kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pembe ya kitenge. Ilikuwa mara ya kwanza benki yoyote kumpa kitu chenye jina lake.

Haikupita wiki mbili, mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaingia kibandani.

"Mama Lusajo, nataka mashati mia moja na hamsini ya sare. Utaweza?"

"Mwalimu, mimi nimekuwa nikingoja swali hilo miaka kumi na mmoja."

"Shule italipa baada ya miezi mitatu. Lakini Ijumaa nipite hapa nikione kitambaa mezani. Nisipokiona, kazi inakwenda kwa mafundi wa Mbeya, maana siwezi kubahatisha na watoto wa watu."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mama Lusajo alikaa akapiga hesabu. Kitambaa chote kilikuwa laki kumi na mbili, na muuzaji wa jumla anapokea taslimu au kadi, hapokei maneno. Kikomo cha kadi yake kilikuwa laki tatu. Na hata kama wangempandishia kikomo, riba ilikuwa asilimia nne kila mwezi. Kwa miezi mitatu ya kungoja shule ilipe, karibu laki moja na nusu ingeondoka bure, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake. Alihitaji vyote viwili: kikomo kipandishwe, riba ishushwe. Kama si hivyo, angerudi kwenye kushona viraka vya suruali, kazi ambayo imemlea lakini haijawahi kumwinua.

Jumatano asubuhi alikuwa mlangoni mwa benki kabla hawajafungua. Alipokelewa na afisa mikopo anayeitwa Bwana Kessy, baba wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole. Akamsikiliza mpaka mwisho, akageukia kompyuta yake.

"Mama, ningependa sana kukusaidia. Tatizo ni hapa kwenye historia yako ya mikopo. Pamekaa peupe."

"Peupe si ndiyo vizuri, baba? Maana yake sina deni la mtu."

"Maana yake hatukujui. Aliyekopa akachelewa kidogo, huyo tunamjua. Wewe hata hatujui ukikopa unafanyaje."

Hapo Mama Lusajo aliumia. Nadhani ningeumia hata mimi.

"Nimekopa mno mimi! Nyuzi, zipu, vifungo, sukari ya nyumbani, vyote kwa Mzee Sanga. Miaka kumi na mmoja. Na nimelipa vyote. Nendeni mkamwulize."

"Mdomo wa mtu hauingii kwenye faili, mama. Niletee kitu kilichoandikwa. Kikiwa na tarehe na saini, nitakipeleka kwa meneja mimi mwenyewe. Ila kesho iwe mwisho, kwa ajili ya hiyo Ijumaa yako."

Kutoka benki akaenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Sanga, akapita hata nyumbani asisimame.

Mzee Sanga ni Mkinga, na biashara ameanza kabla wengi wetu hatujajua kuhesabu. Yuko nyuma ya kaunta ileile, na mbele yake kaunta buku lilelile la kuandikia wanaokopa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja mbio hivyo?"

Akamweleza. Akamwomba amtafutie jina lake kwenye kaunta buku, waende nalo benki wote wawili. Mzee Sanga hakulifungua. Alimtazama kama mtu aliyeombwa jambo la ajabu.

"Humu hutajikuta, Mama Lusajo. Humu wamebaki wasiolipa."

Ni kweli, na sote pale tunaujua utaratibu wake. Kila anayekopa anaandikiwa ukurasa wake. Akimaliza kulipa, mzee anaandika neno moja, anatia tarehe na saini, kisha anauchana ukurasa na kumkabidhi. Hataki kesho ubishi wa nimelipa hujalipa. Kwa hiyo ukilifungua lile buku utadhani Tukuyu nzima ni matapeli. Watu wema wote wameshaondoka na kurasa zao.

"Zako nilikupa mkononi, zote," akasema. "Ulizipeleka wapi?"

Mama Lusajo hakukumbuka. Sisi wengine tuliwashia moto. Mimi niliwahi kufungia karanga. Ni nani anayetunza karatasi ya sukari robo kilo aliyokwisha kuinywa?

Alirudi nyumbani amechoka mwili na moyo. Aliwaza kwamba kumbe katika kulipa vizuri miaka yote alikuwa anajifuta mwenyewe, mpaka hakuna mahali palipobaki kuonyesha kwamba aliwahi kuwa mwaminifu.

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua yetu ya Tukuyu isiyoomba radhi. Mama Lusajo akaamua angalau akate shati moja la mfano kutoka kitambaa kilichobaki, amwonyeshe mwalimu mkuu ufundi wake hata kama mzigo haupo. Akatungua karatasi ya mgongo wa shati kwenye msumari, akailaza mezani. Unyevu ulikuwa umeingia, na pembe moja ilikuwa imebanduka.

Akaibonyeza irudi chini. Ikainuka tena. Ndipo akaona maandishi ya kalamu ya bluu.

"Tusekile, tarehe 20 Februari: nyuzi nyeupe nne, zipu sita, sukari robo. Amemaliza, tarehe 14 Machi. F. Sanga."

Mama Lusajo alikaa chini. Halafu akacheka peke yake, kwa nguvu, mpaka jirani akachungulia dirishani.

Alikuwa amekumbuka. Alipoanza ufundi hakuwa na hela ya karatasi ngumu za kukatia. Kila ukurasa aliopewa na Mzee Sanga aliupiga gundi ya unga wa ngano, akaubandika juu ya mwingine. Ndivyo alivyounda mgongo, vifua, mikono na kola. Miaka kumi na mmoja amekuwa akiwakatia watoto wa Tukuyu nguo kwa madeni yake aliyoyalipa, na macho yamezoea hata hayaoni tena.

Alizifunga zote kwenye nailoni, akakimbia na mvua mpaka benki.

Bwana Kessy alipoona mwanamke aliyelowa akitandaza shati la karatasi juu ya meza yake, alidhani ameletewa zawadi. Kisha akavaa miwani vizuri, akaanza kusoma. Alibandua tabaka la juu taratibu, akasoma la chini yake, na la chini yake tena. Mgongoni peke yake alihesabu madeni kumi na saba yaliyolipwa. Mikono ilikuwa na ishirini na mawili. Meneja akaitwa, naye akavuta kiti.

"Hakuna hata moja lililovuka mwezi," akasema meneja.

"Lipo moja," akasema Bwana Kessy, akainua kola karibu na mwanga wa dirisha. Akasoma kwa sauti. "Amechelewa siku tisa. Alikuwa msibani kwa mama yake. Nilimwambia asije, akaja. Amemaliza. F. Sanga."

Mama Lusajo hakuwa anajua kwamba maneno hayo yapo. Siku ile aliipokea karatasi huku bado macho yamevimba, akaibandika bila kuisoma. Machozi yalimtoka palepale mbele ya meneja, na hakuyaficha. Kuna mtu alimwona katika siku yake mbaya kuliko zote, akamwandikia vizuri.

Bwana Kessy alitoka na mwavuli, akaenda kwa Mzee Sanga kuhakikisha saini, akarudi amepewa na chai. Kabla ya saa nane mchana kikomo cha kadi kilikuwa kimepandishwa hadi laki kumi na tano, na riba imeshushwa kutoka asilimia nne hadi mbili.

"Sasa hizi karatasi tuziweke kwenye faili, mama," akasema Bwana Kessy.

"Thubutu! Mashati mia moja na hamsini nitakata na nini?"

Ikabidi wazitoe nakala kwenye mashine kipande kwa kipande, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, na foleni nzima ya benki ikitazama.

Ijumaa mwalimu mkuu alikikuta kitambaa mezani. Na shati la kwanza kabisa katika kazi ile halikwenda shuleni. Lilikuwa la saizi ya mtu mzima, lina mfuko wa kalamu, na Mama Lusajo alilipeleka dukani kwa mikono miwili.

"Asante, baba," akasema. "Asante kwa kuniandika."

Mzee Sanga alilishika akaligeuza geuza. "Mimi niliandika kilichotokea tu, mwanangu," akasema. Lakini Jumapili yake alilivaa, na Jumapili iliyofuata, na mpaka leo ukimwambia limepauka atakununia.

Shule ililipa, kadi ikalipwa, na sasa kibanda kina cherehani tatu. Pia kina kaunta buku. Maana wazazi wengine hawawezi kulipia sare zote kwa pamoja, na Mama Lusajo huwaandikia, wakalipa kidogo kidogo.

Wa kwanza kuandikwa alikuwa mzazi mwenye watoto wawili na mfuko uliotoboka. Alilipa kwa miezi mitano. Siku alipomaliza, Mama Lusajo aliandika neno moja, akatia tarehe na saini, akauchana ukurasa, akamkabidhi huku ameushikilia kidogo.

"Huu usifungie karanga," akasema.

Sikufungia. Ninao hapa kabatini, ndani ya Biblia, na benki nimepanga kwenda Jumatatu.

Funzo: Mtu akitimiza ahadi yake kwako, usinyamaze, mwandikie, msemee, mshukuru kwa jina, kwa sababu neno lako dogo la leo linaweza kuwa ndilo litakalomfungulia mlango siku ambayo hakuna mwingine anayemjua.