Kapu la Bi Punda

Paukwa!

Pakawa!

Anayetaka kulala akalale, maana hadithi hii ni chungu.

Hapo zamani za kale, kando ya bahari ya kaskazini, ng'ambo ya jangwa kubwa, palikuwa na mji wa wanyama juu ya kilima. Kilima chenyewe mwamba mtupu. Mababu walikikimbilia kwa kuwaogopa mbwamwitu. Wakajenga kuta za mawe za kuzuia udongo, ngazi kwa ngazi. Wakapandisha udongo kwa makapu kutoka bondeni, wakapanda ngano na mizeituni. Kila mvua zikiisha, udongo ulioshuka ulirudishwa juu, kapu kwa kapu. Ndiyo ilikuwa desturi yao.

Bi Punda alirithi mzeituni mmoja. Mama yake alifia njiani akiupelekea udongo, kapu liko mgongoni. Bi Punda alikuwa akisema, "Mti huu ukianguka, mama kanifia mara ya pili."

Siku moja Mbuzi akasema, "Jamani, mbwamwitu wamekwisha! Huku juu tunang'ang'ania nini? Twendeni bondeni."

"Na kuta je?" akauliza Bi Punda.

"Tunazibomoa. Mawe yamekwisha chongwa, tutajengea nyumba."

"Na udongo utashikwa na nini?"

"Shoga, wewe umezoea mizigo tu!" Wakacheka wote, kwa, kwa, kwa!

Wakabomoa. Gubu! Gubu! Mawe yakashuka, wakajenga nyumba bondeni, wakahamia. Bi Punda akabaki na mti wake. Akashuka na kapu, akapanda na kapu, ko, ko, ko. Peke yake. Moyo ulimuuma, akalia, akabeba.

Mvua ikaja. Siku saba, chwaaa! Udongo wote ukaporomoka, na mzeituni ukang'oka ukaenda nao. Bondeni wakatoka mbio na watoto wao, nyumba zikafukiwa nyuma yao.

Wakapanda kilima wakihema. Wakakuta mwamba mtupu, na Bi Punda amekaa.

"Dada," akasema Mbuzi, "tupe pa kulima. Udongo uko wapi?"

"Uko juu ya nyumba zenu. Na mti wa mama yangu umo humo humo."

Akavua kapu, akamvika Mbuzi shingoni. "Haya, shuka."

Mbuzi akashuka. Wakabeba wote, ko, ko, ko, mpaka wakazeeka, na kilima hakikujaa. Bi Punda hakuwasamehe, na mimi simlaumu.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: ukibomoa kwa siku moja kazi ya waliokutangulia, utaibeba wewe maisha yako yote.

Hadithi yangu nimeitua hapo, na kapu nimelitua.