Rabi Zelig Hakubeba Kitu

Katika nchi moja ya theluji, Wayahudi kumi, waumini wa Rabi Zelig, walikataa kumpuria kabaila Potulski ngano siku ya Sabato. Kabaila akawanyang'anya makoti yao, akayafungia ghalani.

Jumamosi, siku yenyewe ya Sabato, akamwita Rabi. "Ingia ghalani peke yako, mara moja tu," akamwambia kwa kejeli. "Makoti utakayotoka nayo ni yenu. Yatakayobaki nitayachoma."

Alijua kwamba sheria ya Rabi inakataza kubeba mzigo siku ya Sabato, na kwamba Rabi hasemi uongo hata kwa mzaha.

Rabi, mwembamba kama ufito, akaingia. Akakawia sana. Hatimaye mlango ukajaa.

"Umebeba nini?" kabaila akafoka.

"Sijabeba hata uzi, Bwana Mkubwa."

"Na makoti?"

"Nimeyavaa. Sheria haikatazi mtu kuvaa."

"Yote kumi? Kumbe wewe ni mtu hatari!"

"Hapana, Bwana. Mimi ni mtu mdogo tu," akajibu Rabi, pua ikichungulia juu ya kola kumi, huku amekwama mlangoni. "Ila naomba univute kidogo. Leo mimi siruhusiwi kufanya kazi, lakini wewe unaruhusiwa."