Maziwa ya Saa Kumi Alfajiri

Mtu mmoja alikuwa na maktaba isiyo na kitabu hata kimoja. Jina lake Ambakisye, mwalimu wa hesabu pale Tukuyu, na maktaba yake ilikuwa ndani ya kompyuta. Nitaieleza kama nilivyoelezwa, maana mimi kompyuta naijua zaidi kwa kuifuta vumbi. Watu wanaotunga programu huziandika kwa lugha maalumu. Lugha hiyo ikiwa changa, inakuwa na maneno tu, haina kazi iliyokwisha fanywa. Anayetaka programu yake ipange majina ya watu, aanze mwanzo. Anayetaka ijue leo ni tarehe ngapi, naye aanze mwanzo. Maktaba ni zile kazi za kila siku, zilizoandikwa vizuri mara moja na kuwekwa mahali pamoja, ili kila atungaye programu azikute tayari, kama mpishi anavyoikuta chumvi jikoni. Na kama ilivyo chumvi, hakuna anayemshukuru aliyeiweka.

Ambakisye aliifanya kazi hiyo miaka tisa, kila jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakulipwa. Hakuifungia. Mtu yeyote aliweza kuusoma kila mstari, kuuchukua, kuutumia, na akiona kasoro, kuleta marekebisho. Wenzake wawili walijiunga naye, wakawa watunzaji watatu. Waliwekeana kanuni mbili. Kila mstari ubaki na jina la aliyeuandika na siku aliyouandika. Na kila badiliko litangazwe pamoja na sababu yake, wote wasome. Mimi nawaheshimu sana watu wa namna hii, na sioni aibu kusema hivyo mbele yenu. Wengi wetu tukichangia kiti kimoja kanisani, tunaandika majina yetu kwenye mgongo wa kiti.

Kipande kimoja cha maktaba hiyo alikipenda kuliko vingine, kile cha saa. Maktaba za wageni huhesabu saa kuanzia katikati ya usiku. Ambakisye alitaka yake ihesabu kama tunavyohesabu sisi, jua likichomoza ndipo saa zianze. Ukiiambia saa tatu asubuhi, ielewe bila kukuuliza mara mbili, na ikupe tarehe yake. Watu walifurahi mno. Lakini katika kuiandika, Ambakisye aliamua kwamba siku inaanza pale hesabu ya saa inapoanza, yaani mapambazuko, na kwamba usiku wote ni mali ya siku iliyoutangulia. Kisha akaijaribu. Aliijaribu kwa saa mbili asubuhi, anapoingia darasani. Aliijaribu kwa saa saba mchana, anapokula. Aliijaribu kwa saa tatu usiku, anapofunga kompyuta. Zote zikajibu sawasawa. Saa kumi alfajiri hakuijaribu, kwa kuwa saa hiyo yeye huwa amelala.

Mbali na mji, juu kule kwenye migomba na majani ya ng'ombe, palikuwa na kituo cha ushirika wa maziwa. Karani wake aliitwa Lugano, mtu mzima, mwenye hasira za karibu na mkono mwepesi wa kusaidia. Miaka yote alipokea maziwa kwa daftari. Mwaka huo ushirika ukanunua kompyuta, na Lugano, aliyejifunza mwenyewe kutunga programu, akakitungia kituo programu yake kwa kutumia maktaba ya Ambakisye. Mleta maziwa anataja saa aliyokamua. Programu inaiuliza maktaba tarehe. Tarehe ikiwa ya leo, maziwa yanapokelewa. Ikiwa ya jana, yanakataliwa, na karani haruhusiwi kuyapokea, kwa sababu kituo hakina jokofu na maziwa ya jana yanaharibu ya wote.

Katika wanachama palikuwa na mama aitwaye Tusekile. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa chini ya mlima, na gari la kuchukua maziwa huondoka kituoni saa mbili asubuhi. Kwa hiyo yeye alikamua saa kumi alfajiri, akajitwika ndoo, akatembea. Miaka kumi na moja hakuwahi kukataliwa hata siku moja. Wengine waliokaa karibu waliamka kwa raha zao, wakakamua saa kumi na mbili kumekucha, wakafika kabla yake.

Siku ya kwanza ya kompyuta, Tusekile alitaja saa yake kama kawaida. Mashine ikajibu kwamba maziwa ni ya jana. Lugano akadhani amekosea kuandika, akarudia. Ikajibu vilevile. Akatia kipimo kwenye ndoo, hapakuwa na maji. Akanusa, yananukia vizuri. Ndoo yenyewe ilikuwa bado vuguvugu. Lakini nyuma kulikuwa na foleni, na katika foleni hakukosi mwenye maneno. Mmoja akasema kwa sauti, "Kayapasha moto huyo! Leo mashine imemkamata." Watu wakacheka. Tusekile akafunika ndoo yake, akarudi nayo njia nzima.

Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa hivyo. Mama yule alisugua ndoo kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa. Akabadilisha mfuniko. Akaenda kumwomba jirani aje aone anavyokamua, jirani akamwambia ana kazi nyingi. Hakuna aliyeuliza imekuwaje mtu wa miaka kumi na moja aharibike siku ileile kompyuta inapofika. Waliona kwamba mambo hayo yamekutana siku moja, lakini wakayasoma upande uliowapendeza, kwamba siku zote alikuwa anawachanganyia maziwa ya jana na daftari halikuwa na macho. Na ushirika ulikuwa na kanuni. Aliyekataliwa mara kumi analetwa mbele ya mkutano, na mkutano unaweza kumfuta uanachama. Mara ya kumi ilitimia Jumatano. Mkutano ukapangwa Jumamosi.

Hapo Lugano akashindwa kula. Alijua pua yake haimdanganyi, tena mkono wake uliushika ule uvuguvugu. Jumatano hiyohiyo mchana akafunga kituo, akaanza kuisoma programu yake mstari kwa mstari. Yake haikuwa na kosa. Akaingia ndani zaidi, kwenye maktaba, kwa kuwa iko wazi kwa kila mtu. Na huko, katika kipande cha saa, akaukuta mstari unaoipa alfajiri tarehe ya jana. Pembeni ya mstari pameandikwa jina la mwandishi. Ni Ambakisye mwenyewe. Lugano akaandika barua kwa watunzaji kupitia mtandao, fupi, bila kutukana, ingawa alitaka. Akaeleza habari ya saa kumi alfajiri, akamtaja Tusekile, akataja na Jumamosi.

Ambakisye aliisoma barua ile chumba cha walimu, kengele ikiwa imeshalia na wanafunzi wakimsubiri. Akaelewa kabla hajafika mwisho. Kurekebisha kulikuwa kazi ya dakika chache, na kabla ya jioni alikuwa ameshamaliza. Shida haikuwa kurekebisha. Wiki iliyofuata wageni wangekuja kutoka chuoni kuikagua maktaba, waamue kama lugha ile ya programu na maktaba yake zifundishwe kwa wanafunzi wao. Miaka tisa aliingoja siku hiyo. Na kipande walichokisifu zaidi katika barua zao kilikuwa kile cha saa.

Mtunzaji mwenzake, dada mmoja aitwaye Sekela, alikuwa mtu mwema, nami simlaumu, maana ushauri wake ni ule ambao ningetoa mimi. Alimwambia, "Mwalimu, hilo badiliko tuliingize pamoja na yale mengine madogo. Maziwa yatapokelewa, wageni watapita, na hakuna atakayeumia." Tena palikuwa na njia fupi kuliko hiyo. Ambakisye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa maktaba. Angeweza kuufuta mstari pamoja na jina lake, isibaki hata alama.

Ambakisye akakaa na neno hilo Alhamisi nzima. Alifundisha vibaya siku hiyo. Aliandika jawabu ubaoni kabla ya swali, wanafunzi wakatazamana. Mwanzo aliona Sekela amesema kweli. Maziwa yatapokelewa, na huyo mama anataka nini zaidi ya maziwa yake kupokelewa? Kisha akajiweka kwenye ile foleni. Akaona Jumatatu inafika, ndoo ya Tusekile inawekwa mezani, na mashine inaikubali. Akawasikia watu wakisema, mnaona, tulipomtisha ameacha. Akatambua kwamba marekebisho ya kimya yangekuwa ndiyo ushahidi wa mwisho dhidi yake. Mashine ingekuwa na haki ilipomkataa, na haki ilipomkubali, na mwongo angekuwa ni mmoja tu, mwanamke mwenye ndoo.

Ijumaa asubuhi Ambakisye akalitoa badiliko peke yake, halikuchanganywa na jingine lolote. Hakufuta mstari wa zamani kwenye kumbukumbu, wala jina lake. Na pale panapoandikwa sababu, ambapo kila anayeitumia maktaba lazima asome, aliandika: "Maziwa ya Mama Tusekile yalikuwa ya siku ileile. Kosa ni langu, mimi Ambakisye, na nimeliacha humu miaka minne."

Jumamosi wanachama wakajaa kituoni. Mwenyekiti akasoma idadi ya mara alizokataliwa, akamuuliza Tusekile kama ana la kusema. Akasema hana, ila ng'ombe wake anakamuliwa saa kumi na hajui kukamuliwa jana. Wachache wakaguna. Ndipo Lugano akasimama na karatasi aliyoichapa, akasoma maneno ya Ambakisye mbele ya wote, mwanzo hadi mwisho. Yule mwenye maneno wa kwenye foleni akaanza kuitazama kofia yake. Mwenyekiti akakohoa, akasema basi shauri limekwisha, tuendelee na mengine. Lakini Tusekile akabaki amesimama.

"Mwenyekiti, naomba isomwe tena," akasema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Walisikia sana. Lugano akasoma tena, polepole, na kila mtu akaelewa kwa nini. Mama yule akaitikia kwa kichwa, akaketi. Nilipoambiwa habari hii macho yalinijaa machozi, na sikuona haja ya kuyaficha.

Msidhani jambo lile halikuwa na gharama. Wageni wa chuo walikuja, wakayasoma yale maneno kama walivyosoma mengine yote, wakasema maktaba bado haijakomaa, watarudi baada ya mwaka. Sekela alikasirika siku mbili, kisha akarudi kazini. Lakini tangazo lile lilifika kila mahali maktaba ilipofika, na watu wakaenda kukagua kazi zao. Zahanati moja ikagundua watoto waliozaliwa alfajiri wameandikiwa siku ambayo bado walikuwa tumboni, ikawasahihishia. Waoka mikate wakaandika, walinzi wakaandika, wakunga wakaandika, kila mmoja akileta saa anayoijua yeye ili nayo ijaribiwe. Leo hakuna toleo jipya linalotoka kabla ya kupita kwenye saa hizo zote. Ambakisye alikuwa ameitunza ile kazi miaka tisa akiiita ya wote, na ni baada ya kulitaja kosa lake ndipo wote waliingia ndani yake.

Wengi wenu hapa mna kazi mnazowafanyia watu msiowajua. Mwingine anaandika sheria ndogo za kijiji, mwingine anapima dawa, mwingine anajumlisha alama za mtihani. Mtakosea, kama sisi sote. Na mtakapogundua, mtarekebisha, najua, kwa kuwa ninyi ni watu wema. Nauliza jambo moja tu: utakapolirekebisha kosa lako kimyakimya, ni nani atakayebaki akiitwa mwongo kwa niaba yako?